Siuzi, nafuma tu

Jumanne moja jioni nilipata kiti kwenye basi la mwendokasi, Kivukoni, saa kumi na moja. Mnaopanda pale saa hiyo mnajua nazungumzia muujiza. Nikatoa donge langu la uzi wa njano na kroshia, ile sindano yenye ndoano, nikaendelea na mstari wangu wa kumi na moja. Tulipopita Faya, mama wa makamo niliyekaa naye akainama kutazama.

"Hongera, mwanangu. Hicho kitambaa unauza shilingi ngapi?"

Kitambaa! Ngoja niwaambie alichokuwa anakitazama. Nilianza na vitanzi 20. Kila nikigeuza kazi kuanza mstari mpya, kitanzi cha mwisho kinajibana pembeni, sikioni, nakiruka. Mstari wa pili ukawa na 19, wa tatu 18, na hapo tulipokuwa nina 10. Kwa hiyo mkononi nilikuwa na kitu kinachoelekea kuwa pembetatu, chenye tundu moja kubwa katikati la kupitisha kidole gumba. Ndicho nilichoulizwa bei.

"Siuzi, mama. Ndiyo najifunza."

"Anza hivyohivyo. Mtaji haudondoki kutoka mbinguni."

Nikashukuru, maana mkubwa ni mkubwa. Lakini mpaka nashuka Kimara nilikuwa nimenuna, na mpaka leo bado nimenuna.

Hivi lini Dar tulikubaliana kwamba mtu hana ruhusa ya kujua kitu bila kukiuza? Ukikanda chapati zikachambuka vizuri siku moja, unaulizwa kwa nini hufungui mgahawa. Ukiotesha mchicha kwenye ndoo iliyopasuka, tayari wewe ni mkulima wa kisasa. Suka mtoto wako mabutu mawili tu, jirani anakutafutia fremu ya saluni. Ofisini ndiyo usiseme. Kaka mmoja wa uhasibu aliniona nafuma saa ya chakula, akavuta kiti. Akanipangia kila kitu: nitafute wanawake wenzangu, tuunde kikundi, tukachukue mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake, maana 4 kati ya hizo ni zetu wanawake. Anajua mpaka mgawanyo! Nikamwambia kaka, mimi hata kona sijui kukata. Akasema utajifunza mbele ya safari, muhimu ni ukurasa wa mtandaoni na "bei njoo inboksi".

Anayenifundisha ni Ma'mkubwa, Mbagala, kila Jumamosi. Kufundisha kwenyewe ni "tazama mkono wangu", na mkono huo unakimbia kama cherehani. Halafu ni wa mashoto. Wiki mbili nilikaa ubavuni kwake nikiambulia patupu, kila kitu kinakwenda kinyume, mpaka siku moja nilihamia kwenye kigoda mbele yake, uso kwa uso. Mara mkono wake wa kushoto ukawa kioo cha mkono wangu wa kulia. Chomeka, vuta uzi, sasa una viwili kwenye kroshia. Vuta tena upite katikati ya vyote viwili, kimebaki kimoja. Nililia, jamani. Kitanzi kimoja!

Video nazo ni balaa jingine. Mmarekani akisema singo, Mwingereza kitanzi hichohicho anakiita dabo, wala hakuna anayekuonya wewe wa Kimara. Na yule muuzaji wa Kariakoo aliyeniambia uzi mweusi ndio mzuri kwa anayeanza kwa sababu hauonyeshi uchafu, tutaonana siku ya hukumu. Hauonyeshi uchafu, hauonyeshi na vitanzi. Joto la Dar sitalizungumzia, ila vidole vikitoa jasho uzi haukubali kuteleza hata uuimbie.

Haya, najua mtakachosema. Maisha magumu, huyu ana mshahara ndiyo maana anaringa. Sawa. Ma'mkubwa mwenyewe alilipa ada za wanawe watatu kwa vitambaa. Enzi za televisheni za chogo kila nyumba ilitaka kimoja cha juu ya televisheni, seti ya makochi, cha stuli na cha redio. (Flati zimeua soko lile. Kitambaa utakitandika wapi, kwenye ukingo wa kidole kimoja?) Alikuwa anatoa mali kauli, mwisho wa mwezi anazunguka kwa miguu kudai, na wengine walikuwa wanajificha chumbani huku kitambaa chake kinamtazama sebuleni. Hata mimi viatu vyangu vya darasa la tano vilitoka humo. Kwa hiyo biashara ya kufuma siitukani. Na mpaka leo viwanda havina mashine ya kufuma kroshia halisi kama mkono, hivyo hata ile blauzi ya kroshia unayoiona ya bei chee, ujue kuna mtu aliikalia saa nyingi na akalipwa ujira wa kuku.

Ila nilimuuliza. Jumamosi iliyopita, nikiwa pale kwenye kigoda: Ma'mkubwa, enzi zile ulikuwa unapenda kufuma?

Akakaa kimya mpaka akamaliza mstari. "Nilikuwa sina muda wa kupenda. Nilikuwa nahesabu."

Anahesabu siku za oda, uzi uliobaki, nani hajalipa. Akikosea mstari wa tatu na ameshafika wa kumi na tano, anaukunja upande wa ndani, anapiga pasi, unakwenda hivyohivyo, kwa sababu mwenye oda ya mtu mkononi hafumui. Sasa hivi, akiwa na miaka sabini na kitu na watoto wanaomtumia hela ya gesi, ndiyo nimemwona anafuma kitambaa kizima cha duara, anakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, hakipendi, anavuta uzi, trrrrr, kinaisha chote, anaanza upya huku anacheka. Kazi ya siku nne. Hakuna aliyemdai.

Hicho ndicho ninachokitaka, na ndicho yule mama wa mwendokasi na kaka wa uhasibu, kwa roho zao nzuri kabisa, wanataka kuninyang'anya. Nataka kufumua. Nimeshafumua ule uzi wa njano mara sita mpaka umeota manyoya. Nikishachukua elfu tano ya mtu, siwezi tena.

Pembetatu yenyewe sikuifumua. Ma'mkubwa alinikataza, akainyang'anya, akaishonea shanga sita nyekundu pembeni ili iwe na uzito, akafunikia jagi la maji. Inafunika nusu. Nzi wanaoingia wanaingilia upande wa kushoto, na wageni wakiuliza ni cha nani, anasema cha mwanangu wa Kimara, hauzi.