Kurasa Nne za Kuomba Dizeli

Mwaka wangu wa kwanza halmashauri niliandika dokezo, ile karatasi ya ndani ya ofisi ya kumwandikia bosi, la kurasa nne. Lilikuwa na utangulizi, usuli wa tatizo, hata wanazuoni wawili niliwanukuu. Mkuu wangu wa idara alilirudisha na maneno mawili tu pembeni: "Unaomba nini?"

Nilikuwa naomba lita 40 za dizeli.

Nakikumbuka kisa hiki kila nafasi zinapotangazwa Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali ya Tanzania, na zile lawama zikaanza upya, kwamba wahitimu wa siku hizi hawaajiriki. Mimi sikubaliani nazo. Vijana ninaowapokea ofisini wanatuzidi kwa kompyuta, na wamepenya mchujo ambao baadhi yetu tulioingia zamani, tuseme ukweli, tungeangukia hapo hapo. Kinachowapiga chenga ni kuifanya kazi ya serikali kwa Kiswahili, kwa kuandika na kwa kusema, na hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Tazama safari yao. Chuoni, miaka mitatu au minne, insha ni Kiingereza, mtihani Kiingereza, utafiti Kiingereza. Anaripoti kazini Jumatatu, na kufika Jumatano anatakiwa kuandika muhtasari wa kikao, barua kwa mtendaji wa kata, taarifa ya kupeleka kwa madiwani. Vyote Kiswahili, tena Kiswahili chenye adabu zake: unaandika kupitia kwa nani, unarejea folio ya ngapi, yaani hati namba ngapi ndani ya jalada, unamalizia vipi ili bosi ajue unataka aamue au unamtaarifu tu. Kijana aliyepata alama ya juu kwenye somo la utawala bora anakaa asubuhi nzima akitafuta namna ya kumwandikia mwananchi kwa nini kibali chake cha ujenzi kimekataliwa.

Kusema ndiko kugumu zaidi. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hufanyika walau kila miezi mitatu, na mtendaji wa kijiji ndiye katibu wake. Niliwahi kumsindikiza mtendaji mpya, msomi mzuri tu, akasoma taarifa ya mapato na matumizi iliyojaa "afua" na "wadau wa kimkakati". Mzee mmoja akanyoosha mkono: "Mwanangu, hizo afua zimekula shilingi ngapi?" Watu walicheka. Yule kijana alipekua karatasi zake mpaka nikamwonea huruma.

Usaili nao hausaidii sana. Wasailiwa wanarushiana maswali ya zamani kwenye magrupu ya WhatsApp, wanakariri kwamba Sheria ya Utumishi wa Umma ni ya mwaka 2002, wanaingia ukumbini. Dereva hupewa gari aendeshe. Afisa je? Mpe jalada lenye barua tatu za malalamiko zinazopingana, mpe saa moja, aandike dokezo la ukurasa mmoja. Najua kusahihisha madokezo ya maelfu ya waombaji ni kazi nzito, basi walau wale wachache wanaovuka mchujo.

Utaniambia kuna mafunzo elekezi, na kuna miezi 12 ya majaribio kabla ya kuthibitishwa. Ni kweli. Mimi mafunzo hayo niliyapata nikiwa nimeshathibitishwa, kwa siku mbili, na nusu ya siku ya pili tuliimalizia kusubiri posho.

Aliyenifundisha kazi ni mama wa masjala, chumba cha kutunzia majalada. Hakuwa na digrii. Alinikalisha pembeni ya kabati lake na kunifungulia jalada moja nene la mgogoro wa kiwanja, akasema nianze folio namba moja nisome mpaka ya mwisho, halafu nimsimulie kwa sentensi tano. Nilimsimulia kwa dakika kumi. Akalifunga, akaniambia nirudi kesho. Nilirudi karibu wiki nzima.

Amestaafu sasa, na majalada yenyewe yanahamia kwenye mfumo wa kompyuta, hakuna tena kabati la kukalishwa kando yake. Juzi kijana mpya ameniletea dokezo la kuomba viti sita vya ukumbi wa mikutano. Kurasa tatu, na utangulizi. Nilishashika kalamu niandike pembeni kama nilivyoandikiwa mimi. Nikaiweka chini, nikamvutia kiti.