Kisu Kimekaguliwa, Ujira Je?

Tarehe 12 Mei 2008 maofisa wa uhamiaji wa Marekani walivamia machinjio ya Agriprocessors mjini Postville, jimbo la Iowa, wakakamata watu 389, wengi wao wahamiaji kutoka Guatemala. Hayo ndiyo yalikuwa machinjio makubwa kuliko yote nchini humo ya nyama ya kosheri, yaani ile inayoruhusiwa na sheria ya dini ya Kiyahudi. Malalamiko ya ujira mdogo na majeraha kazini yalikuwa yameanza kusikika kabla ya hapo. Kampuni ilifilisika mwaka huohuo. Mkuu wake alitiwa hatiani kwa udanganyifu wa fedha, ila mashtaka ya kuajiri watoto hayakuthibitika mahakamani.

Anayechagua nyama halali atalielewa mara moja swali walilobaki nalo Wayahudi. Kisu hakina pengo, mapafu ya mnyama yamekaguliwa, muhuri umegongwa. Na aliyechinja, amelipwa haki yake?

Rabi Morris Allen wa Minnesota alipigania alama ya pili, Magen Tzedek, itakayothibitisha ujira na usalama wa wafanyakazi. Torati inayokataza damu, alishikilia, ndiyo hiyohiyo inayoamuru, katika Kumbukumbu la Torati 24, kibarua alipwe kabla jua halijatua.

Wapinzani, hasa Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria ya dini kwa ukali, walijibu kwamba kosheri ni hukumu juu ya chakula. Mishahara ina serikali yake, na mkaguzi wa mapafu hakusomea vitabu vya hesabu. Isitoshe, nyama hiyo tayari ni ghali, na kila gharama mpya itaangukia familia yenye watoto wengi. Hoja hii ya mwisho naiona nzito. Hata kisheria wako sahihi: dhuluma ya ujira haiigeuzi nyama kuwa haramu.

Lakini Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya sheria ya Kiyahudi, katika sehemu iitwayo Bava Metzia, ina kisa ambacho nakirudia kila mara. Mahamali walivunja pipa la divai la mwanachuoni mmoja, naye akashika nguo zao kama fidia. Rav, mwalimu mkuu wa sheria aliyeamua shauri hilo, akamwamuru awarudishie. Wakalalamika kwamba wamefanya kazi kutwa, wana njaa na hawana kitu. Rav akamwambia awape na ujira wao. "Ndiyo sheria?" akauliza yule. Ndiyo, akajibiwa, kwa kuwa imeandikwa ushike njia za watu wema.

Ukurasa huohuo, hata hivyo, unasema masharti ya kazi yafuate desturi ya mahali. Mwajiri ana pa kuegemea hapo, kwani desturi yenyewe yaweza kuwa ya kumkandamiza mnyonge.

Magen Tzedek haikushika kasi. Iliyofika mikahawani ni alama nyingine, Tav HaYosher, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Waorthodoksi vijana wa shirika la Uri L'Tzedek. Mkahawa haulipii alama hiyo, na unachotakiwa ni kima cha chini cha mshahara, malipo ya saa za ziada na mazingira salama, mambo ambayo kwa sehemu kubwa sheria ya nchi inayadai tayari. Kwangu hilo linawajibu wanaosema serikali inatosha: ingetosha, alama hii isingekuwa na kazi.

Kuhusu familia maskini, narudi kwa Rav. Gharama ya pipa na ya ujira hakuwabebesha wanunuzi wa divai. Aliyelipa ni mwenye mali.