Ramani ya dharura na doa lisilo na alama

Tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, ramani huria ya OpenStreetMap ilikuwa na barabara chache tu za Port-au-Prince. Picha za setilaiti zikatolewa bure, na watu wa kujitolea waliokuwa mbali na nchi hiyo wakachora barabara, vichochoro na kambi za waliopoteza makazi. Baada ya siku chache waokoaji walikuwa na ramani hizo kwenye vifaa vyao vya GPS. Watetezi wa mifumo ya taarifa za kijiografia, yaani programu za kompyuta zinazopanga taarifa juu ya ramani, hupenda mfano huu, na wana haki. Maswali ya msimamizi wa tukio mengi ni ya mahali: maji yamefika wapi, daraja gani limekatika, kikosi kipi kiko karibu? Ramani moja inapunguza ubishi wa zimamoto, polisi na wahudumu wa ambulensi, kila mmoja na orodha yake.

Haiti hiyohiyo, hata hivyo, inawapa wakosoaji silaha. Picha ya kutoka juu huonyesha paa. Jengo lililosagika ghorofa ya chini, paa likabaki zima, linaweza kuhesabiwa kuwa salama. Jumbe fupi za wananchi, zilizowekwa kwenye ramani kupitia Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ziliziba sehemu ya pengo. Ila anayetuma ujumbe ni mwenye simu iliyo na chaji na mtandao. Mtaa ulioangamia kabisa huenda usitume chochote, na kwenye skrini ukaonekana shwari.

Gharama, ambayo wakosoaji huitanguliza, hainitishi sana. QGIS, programu ya kutengenezea ramani kwenye kompyuta, hupatikana bila malipo. Linalonitia wasiwasi ni doa lisilo na alama. Je, hakuna madhara, au hakuna aliyefika? Ramani nyingi hazitofautishi. Ningetaka kila alama iwe na saa na jina la kikosi kilichoithibitisha, na maeneo yasiyofikiwa yapakwe rangi yake.

Kuna pia hoja kwamba mfumo huanguka siku unapohitajika. Ni kweli: kituo cha kuratibu dharura cha jiji la New York kilikuwa ndani ya 7 World Trade Center, jengo lililoporomoka tarehe 11 Septemba 2001. Lakini wataalamu wa ramani walianza upya, wakahamia Pier 92, wakawa wanawachapia ramani za karatasi waliokuwa kwenye kifusi. Kwa hiyo printa na nakala ya data iliyohifadhiwa mbali ningezinunua kabla ya skrini kubwa ya ukutani, ambayo, tuseme ukweli, mara nyingi huwafurahisha wageni.

Skrini ikipingana na redio ya kiongozi aliye kwenye tukio, mimi ningemsikiliza wa redio. Isipokuwa kwenye moto wa msituni: moshi humziba macho, ilhali kamera ya joto iliyo angani huuona mstari wa moto.