Wilchea ndani ya ndege: hoja ya usalama ni ya kweli ila isifunike kila kitu

Watu wengi wanauliza kwa nini abiria asipande ndege na wilchea yake akakaa nayo humohumo kama kwenye treni, na mashirika yanajibu usalama. Hapo wana hoja kwa kweli, manake siti za ndege mpya za abiria zinajaribiwa kwa mshtuko wa mara 16 ya nguvu ya uvutano na wilchea nyingi hazikutengenezwa kwa kipimo hicho, ikichomoka ndege inapotua vibaya itamuumiza mwenyewe na jirani yake.

Sasa angalia hali ilivyo. Mtu anatolewa kwenye kiti chake, anabebwa mpaka kwenye siti, kiti kinaenda kwenye mizigo. Marekani mwaka 2023 wilchea na skuta 11,527 ziliharibika, zikapotea au zikachelewa, na sheria ya kuzuia ubaguzi kwenye ndege wanayo tangu 1986! Aliyetengenezewa kiti kufuata mwili wake huwezi kumpa chochote kilichopo stoo, anaweza kupata vidonda vya mgandamizo, yaani vya kukalia sehemu moja inayobana mwili. Hii sio usalama, ni ubebaji mbovu.

Vyoo navyo ni suala la nafasi na pesa, choo kikubwa kinakula siti za kuuza. Kanuni ya Marekani ya 2023 inadai choo anachoweza kuingia mtu na msaidizi wake kwenye ndege za ujia mmoja zenye siti 125 na zaidi, ila ni mpya tu, tena zitakazoagizwa baada ya miaka 10. Naelewa huwezi kubomoa ndege zilizopo kesho, lakini kuna watu wanaacha kunywa maji kabla ya safari na hao ndo wanaambiwa wasubiri.

Kwa wenye usonji kuna kamba ya shingoni yenye maua ya alizeti, inawaashiria wafanyakazi kwamba aliyeivaa huenda akahitaji msaada, ilianzia uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, 2016. Inasaidia bila maelezo marefu, japo wengine hawataki kujitangaza na ni haki yao. Mimi naiunga mkono ikiwa hiari, ila kamba haipunguzi kelele za matangazo wala haimfundishi mkaguzi kutomshika mtu ghafla.

Mwaka huohuo wa 2023 kampuni tanzu ya Delta, shirika la ndege la Marekani, ilionyesha siti inayokunjwa ili wilchea ifungwe palepale. Ithibitishwe taratibu, sawa, haraka hapo ni hatari, lakini kumfundisha mpakiaji namna ya kushika kiti cha mtu hakuhitaji kusubiri cheti chochote.