Chapati 18 za Kwenda Mwanza

Shangazi yangu alikuwa hajawahi kupanda ndege. Alipokatiwa tiketi ya kutoka Dar kwenda harusini Mwanza, hakuuliza nauli wala mizigo. Aliuliza, "Baba, huko juu ni kilomita ngapi?"

Mtu mwenye akili timamu angechungulia mtandaoni, amalize. Mimi nina diploma, bwana. Nikafungua Excel, ile programu ya hesabu ya kompyuta, mbele yake huku namhubiria: dunia ni mviringo, shangazi, na ndege haina habari na kona za Morogoro wala Dodoma, inapita juu kwa juu kwenye upinde wa duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Nikajaza latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili, nikapachika zile hesabu za pembe, saini na kosaini, nikazidisha kwa nusukipenyo cha dunia, kilomita 6,371.

Jibu: karibu kilomita 11,800.

Nilishtuka kidogo, sikatai. Dar hadi London kwenyewe ni kama 7,500. Ila shangazi alishaanza kunitazama kama daktari bingwa, nami ningerudi nyuma vipi? Nikagawanya kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa. "Jiandae, shangazi. Saa kumi na nne angani."

Hakulala. Alipika chapati 18, akachemsha mayai, akafunga chupa ya chai, shuka, na soksi za baridi ya usiku. Jirani alipoona kapu lile akauliza anahamia wapi.

Siku ya safari, ndege iliruka asubuhi. Kabla sijamaliza supu yangu, simu ya shangazi ikaniita, lakini sauti ya binti nisiyemjua. "Kaka, mimi ni mhudumu wa ndege. Abiria wote wameshuka, mama huyu amegoma. Anasema kwake bado."

Nyuma yake nikamsikia shangazi: "Mwambie rubani hapa ni njiani! Mwanangu amepiga hesabu!"

Nikarudi kwenye kompyuta mbio. Kumbe Excel pembe inazitaka kwa radiani, kipimo kingine cha pembe, mimi nimeilisha nyuzi. Tena kulikuwa na kichekesho ndani ya kichekesho: longitudo za Dar na Mwanza zimepishana kama nyuzi 6.27, na radiani 6.28 ndizo duara zima. Kwa hiyo kompyuta ilizungusha dunia karibu mzunguko mmoja, ikaona miji hiyo miwili iko kwenye mstari uleule wa longitudo, na bado ikaitenganisha kwa kilomita elfu kumi na moja na ushei! Nilipogeuza nyuzi kuwa radiani, ikatoka kama 850. Saa moja na dakika zake, basi.

Chapati zililiwa na wakwe, nasikia zilisifiwa kuliko pilau.

Jana shangazi amenipigia. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Halafu akauliza, "Na ya kurudi ni kilomita ngapi, baba? Au nimuulize konda?"