Selfu Inazunguka, Injini Haina Habari

Ukitaka kujua Arusha ina mafundi wangapi, gari lako ligome kuwaka pale Kilombero jioni, watu wakitoka sokoni. Hujafungua boneti, wameshafika. Muuza mahindi ya kuchoma ni fundi. Chalii wa bodaboda ni fundi, tena ananuna akikuta boneti imeshafunguliwa na fundi mwenzake muuza soksi. Mama mmoja alikuwa anapita na ndoo ya maparachichi kichwani, akasimama, akasikiliza nikipiga selfu, akasema, "Hiyo ni betri, baba yangu," akaendelea na safari. Sikumuuliza. Hata shukrani hakusubiri.

Betri! Kila mtu betri. Siku tairi likipasuka, najua atatokea mtu wa kuniambia nicheki betri.

Gari lenyewe ni Toyota Crown ya mwaka 1985, silinda sita, otomatiki, viti vya veluveti rangi ya damu ya mzee. Enzi zake likisimama mlangoni kwa mtu, mwenye nyumba alitafuta tai kabla ya kutoka. Siku hizi likisimama mlangoni kwa mtu, anatoka ameshakunja mikono ya shati. Anajua atasukuma.

Ugonjwa wake ni huu. Nageuza ufunguo, selfu inazunguka kwa raha zake, wiiiiii, injini haina habari. Nageuza tena: krrrrrr, sauti ambayo mbwa wa jirani yangu hapa Sakina akiisikia anaingia bandani bila kuitwa. Ya tatu linaweza kushika, likawaka, likatulia linaunguruma kwa adabu, nikajiona tajiri. Nafika mjini, nazima, namaliza shida zangu, narudi: wiiiiii. Na mlinzi ameshasogea dirishani, "Mzee, hapa hatuegeshi."

Jamani, gari linasema. Tatizo hakuna anayelisikiliza, wote wanalisemea. Betri ikichoka utasikia tatatatata na taa za dashibodi zinafifia. Ukisikia "tak" moja halafu kimya, na taa zinawaka vizuri tu, kaangalie terminali, waya wa ethi, kisha solenoidi ya selfu. Mle ndani kuna vishaba vya kupitisha umeme mkubwa na vikilika havigusani tena. Kukiwa kimya kabisa, hata "tak" hakuna, na gari ni otomatiki, hamisha mkono wa gia kutoka P uweke N ujaribu tena, maana kuna swichi pale inayozuia selfu mpaka iridhike kwamba hujaweka gia. Lakini wiiiiii? Hiyo ina maana umeme umefika, selfu imeamka, imejitahidi, ila bendeksi, kile kigia cha selfu, haijashika meno ya ringi inayozungusha injini, au imeshika na klachi yake ya ndani inateleza. Na krrrrrr ni chuma kinakula chuma. Betri inaingiaje hapo? Mzee aliyeng'oka meno humsaidii kwa kumwongezea nyama kwenye sahani.

Nina mita yangu. Betri ikiwa imepumzika inasoma volti 12.6, na siku selfu ikishika vizuri haishuki chini ya 10. Nikampelekea namba hizo fundi wa gereji bubu moja, jirani na pale ninaponunulia nyanya. Akaishika mita kwa mikono miwili, akaitazama kwa heshima zote, akanirudishia. "Sawa mzee wangu. Ila tuanze na betri."

Halafu wapo wa kusukuma. Vijana wa mji huu wana roho nzuri, sikatai, ila roho nzuri bila masikio ni hasara. Nawaambia, wanangu, hili ni otomatiki. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini yenyewe. Injini isipozunguka, presha hakuna. Presha isipokuwepo, klachi za mle ndani hazishiki. Kwa hiyo mtaizungusha miguu mpaka Tengeru na injini haitajua kama kuna safari. Wanasema tumekuelewa mzee, weka D. Wanasukuma. Wanahema. Wanabadilisha zamu. Mmoja anapendekeza tutafute mteremko. Mwisho wanakuja dirishani kudai ya soda. Namwambia mkubwa wao, lakini halijawaka. Ananijibu, "Mzee, sisi tumesukuma. Kuwaka ni la kwako." Nimelitafakari jibu hilo usiku na mchana na bado sijapata pa kulitoboa.

Mke wangu yeye hana neno na betri wala kusukuma. Yeye ana sentensi moja tu, anaitoa wakati wa chai: "Baba watoto, mtaani Unga Limited wananunua chuma chakavu kwa kilo."

Kwenda Unga Limited nilikwenda, ila si kwenye mizani. Kuna fundi mmoja mtu mzima kule, vijana wake wanamwamkia kabla ya kumwomba spana. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima redio ya gereji. Nikajua nimefika. Akaniambia piga. Wiiii. Piga tena. Krrrr. Hakusema kitu. Akachukua spana ya boksi yenye mpini mrefu, akaiingiza kwenye bolti ya mbele ya krenki, ule mhimili wa injini, akaizungusha injini kidogo kwa mkono, akaniambia piga. Likawaka papo hapo. Wale vijana wakapiga makofi. Mimi nikataka kulia, maana tangu mwanzo wa masika nilikuwa nimeshaoneshwa betri za kila rangi.

Akaishusha selfu. Bolti moja kati ya zile zinazoikaza ilitoka kwa vidole, kwa hiyo kila ikijitahidi ilikuwa inarudi nyuma yenyewe. Meno ya bendeksi yalikuwa yameliwa ncha. Kisha akamulika tochi kwenye tundu ilipokuwa selfu, kijana akawa anazungusha krenki polepole, na kila palipoonekana pabovu kwenye ile ringi ya meno anapiga alama ya chaki. Zunguko zima likatoa sehemu tatu mbovu. Mbili zimechakaa. Ya tatu meno yamebaki historia.

"Unajua kwa nini tatu?" akaniuliza. Nikamwambia niambie wewe. Injini ikizimwa haisimami popote inapojisikia. Inakuja kukwama pale silinda inapoanza kugandamiza hewa, haina nguvu tena ya kuivuka. Silinda nne itazoea sehemu mbili, silinda sita sehemu tatu, basi. Kwa hiyo miaka yote hiyo, kila asubuhi, kila mwenye gari kabla yangu na kabla ya huyo, selfu imekuwa ikiuma meno yale yale. Mengine yaliyobaki ni mapya, yanakula pensheni tu. Ndiyo maana leo linawaka na kesho linagoma: inategemea jana lilipozimwa lilikwenda kulala wapi.

Sasa nisikie mtu aseme betri.

Kupona kwake ndiyo shughuli. Gari la gia za mkono lina flaiwili, gurudumu la chuma kinene nyuma ya krenki, ile ringi ya meno inapashwa moto inatoka, inawekwa nyingine. Otomatiki haina huo unene. Ina kisahani chembamba, fleksipleti, kimefungwa nyuma ya krenki, meno pembeni, konveta ya giaboksi, ile inayopokea nguvu ya injini, imefungwa juu yake. Hapo hakuna kupasha, kinatolewa chote. Na kwa kuwa kiko katikati ya injini na giaboksi, lazima giaboksi ishuke. Kifaa cha kubebwa kwa mkono mmoja kinadai gari zima lifumuliwe. Fundi akanionya pia kisahani hicho huwa kinapasuka kuzunguka bolti za krenki, kikaanza kugonga gari likiwa linaunguruma, na watu wanauziwa injini nzima kwa sababu ya mlio huo. Changu hakikupasuka. Nikashukuru kwa hilo dogo.

Akanitajia ya ufundi. Nikamwomba nikajipange kwanza.

Ndio maana mwezi huo wote mlikuwa mnaniona na spana kwenye buti. Kettering, yule Mmarekani aliyebuni selfu ya umeme, alishatumalizia kazi ya kuzungusha hendeli. Cadillac za 1912 zilitoka nayo. Zaidi ya miaka mia imepita. Na mimi nipo Njiro, kwenye harusi, nimevaa suti, naingiza mkono hadi begani kutafuta bolti ya krenki, msafara wa maharusi unapiga honi nyuma yangu. Ubaya zaidi mimi ndiye mweka hazina wa kamati. Wanakamati walikuwa hawaniulizi gari lina nini. Walikuwa wanauliza mkoba wa michango uko upande gani. Mwenyekiti alikuja akainama, akachungulia injini, akachungulia uso wangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mweka hazina, kama kuna tatizo, sema." Nikamwambia kuna tatizo, ni meno. Akaenda kuwaambia wenzake nimeanza kuumwa jino ghafla.

Basi giaboksi imeshuka wiki hii. Nimekaa pale pale gereji juu ya ndoo, siondoki, kwa sababu nimeshaambiwa panapoharibikia. Wakati wa kurudisha, konveta inatakiwa iingie yenyewe hadi mwisho kwenye pampu ya giaboksi, ubaki uwazi mdogo kati yake na kisahani, ndipo ifungwe. Asiye na subira anaiacha haijakaa, anaivuta kwa bolti mpaka pakutane, na pampu inavunjika hata kabla gari halijawaka. Kuna kijana mmoja pale ana mikono yenye nguvu na macho ya haraka. Namwangalia huyo tu. Akishika bolti, nakohoa.

Kisahani chenyewe kimepatikana duka la spea za mtumba, mitaa miwili kutoka hapo. Muuzaji anaapa ni cha Crown. Fundi mkubwa hataki kiapo, anataka hesabu: matundu ya bolti yalingane, upana ulingane, meno yalingane idadi, maana bendeksi haijui undugu. Wakachuchumaa barabarani wawili, chaki mkononi, kila mmoja na duara lake. Walipofika sabini na kitu kifodi kikapita, konda akapiga mayowe ya Kilombero, Kilombero, mmoja akapoteza. Wakaanza upya. Safari ya pili wakamaliza wote, mmoja akiwa amemzidi mwenzake meno matatu, wakaanza kubishana nani aliruka.

Fundi mkubwa akaniita. "Mzee, kwenye kitabu cha gari, la kwako limeandikwa lina meno mangapi?"

Nikamuuliza, yaliyokuwepo au yaliyobaki?