Machipukizi ya Nyanya: Mche wa Bure na Ugonjwa Uliojificha

Wengi wanaolima nyanya nyumbani hupogoa machipukizi yanayoota kwenye kwapa la jani na kuyatupa, ilhali chipukizi la sentimita 15 hivi, likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu na kuwekwa kivulini, hutoa mizizi ndani ya wiki moja hadi mbili. Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito, hasa kuhusu mbegu chotara, yaani zitokanazo na kuchanganya aina mbili tofauti. Mbegu zinazokamuliwa kwenye tunda la chotara huzaa miche isiyofanana na mama yake, lakini chipukizi hurithi sifa zake zote; kwa hiyo aliyemudu kununua mbegu chache za bei kubwa huongeza miche bila kurudi dukani, na matunda huwahi kuliko ya mche unaoanzia kwenye mbegu. Kwa aina za nyanya kama Tengeru 97 na Tanya, ambazo si chotara, hoja hiyo hufifia, maana mbegu za tunda bora zinatosha.

Wanaoipinga husema kwamba mizizi ya chipukizi huwa ya juujuu na huhitaji maji mengi. Pingamizi hilo naliona dogo, kwani matandazo, yaani nyasi au majani makavu yanayofunika udongo, hulipunguza. Zito ni lile la magonjwa. Virusi vya rasta, ugonjwa unaokunja majani ya mnyanya, vinavyoenezwa na inzi weupe, huishi ndani ya mmea, havina dawa, na huweza kuwemo kabla jani halijajikunja. Anayekata chipukizi hapo hupanda ugonjwa kwa mkono wake. Ugonjwa mwingine, mnyauko bakteria, una kipimo rahisi: kipande cha shina la mmea ulionyauka kikiachwa kining'inie ndani ya glasi ya maji safi, nyuzi za ute mweupe hushuka kutoka penye jeraha. Zikionekana, tuta zima lisitoe chipukizi hata moja, kwa sababu bakteria hao hukaa udongoni kwa miaka na husafiri pia kwenye kisu.

Kwa maoni yangu, machipukizi yatumike ndani ya msimu uleule tu, yakatwe mapema, kabla inzi weupe hawajazagaa, tena kwenye mmea ambao mwenye bustani ameuchunguza vizuri. Kuyaendeleza msimu hadi msimu ndiko kosa lenyewe, kwa kuwa mnyanya usiong'olewa huvihifadhi virusi wakati ambapo vingekosa pa kuishi, na inzi huvipeleka hadi bustani ya jirani aliyenunua mbegu safi kwa fedha yake.